Toka Nje, Ndugu Yangu: Afya Haiji Kukutafuta Sebuleni

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi watasema si la kiafya hata kidogo: kutoka nje. Sisemi kutoka kwenda kazini, wala kwenda dukani, wala kukimbilia basi. Nasema kutoka nje kwa ajili ya kuwa nje tu.

Najua utakavyonijibu. "Nesi, mimi nimechoka, natoka kubeba boksi, nje mvua na giza, hayo ya kutembea tembea tuwaachie wenyewe na mbwa wao." Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kukupa ushauri, acha nianze na yangu.

YALIYONIKUTA MIMI

Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania na kufanya kazi huko miaka michache. Mwaka 2005 nikaja Uingereza, nikasoma tena ili nisajiliwe huku. Nilifikia Leicester, na mpaka leo niko hapa. Miaka ile nilichukua zamu za usiku kwa wingi kwa sababu malipo yake ni mazuri zaidi. Nikitoka nyumbani ni giza, nikirudi bado giza, nafunga mapazia nalala. Katikati ya Desemba jua la hapa linachomoza baada ya saa 2 asubuhi, na kabla ya saa 10 alasiri limeshazama. Mtu wa zamu za usiku anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona. Siku za mapumziko nilikaa ndani karibu na hita, kadi ya simu mkononi, naongea na Tanga.

Msimu wa nne wa baridi nikaanza kuumwa mapaja na mgongo. Nikadhani ni kwa sababu ya kuinua wagonjwa. Kisha ngazi za kwenda chumbani zikawa mlima. Nilipanda nikishika ukuta kama bibi wa miaka 80, na mimi ndiyo kwanza nimevuka 30. Usingizi ukapotea, nikawa nalia bila sababu. GP wangu akaagiza nipimwe damu, vitamini D ikaonekana iko chini sana.

Ndugu zangu, niliona aibu. Mimi nesi, niliyekuwa nikiwaeleza kina mama kliniki habari za matege ya watoto, mzaliwa wa Tanga kwenye jua la kuunguza, nimepungukiwa na kitu ambacho ngozi hukitengeneza bure!

Nilipewa vidonge, na baada ya miezi kadhaa maumivu yakapungua. Lakini kulia na kukosa usingizi havikuisha kwa vidonge. Hivyo vilihitaji nifungue mlango.

KWA NINI NYUMBANI HATUKUHITAJI KUJIFUNZA?

Kumbuka ulivyokuwa ukiishi. Asubuhi unafagia uwanja. Unafua nje, unapika uani, unachambua mchele barazani huku ukiongea na jirani. Wazee wanacheza bao chini ya mwembe. Watoto wanaitwa ndani magharibi, tena kwa kelele. Hakuna aliyesema, "Leo nakwenda kukaa nje kwa ajili ya afya." Nje ndiko tulikoishi, na ndani tuliingia kulala.

Huku mambo yamegeuka. Kupika ndani, kufua ndani, wageni ndani, na mlango lazima ufungwe joto lisitoke. Hukuacha kupenda nje. Shughuli zako zote zilihamishiwa ndani, na hakuna aliyekuambia kwamba tangu sasa nje itabidi uifuate kwa makusudi. Ndiyo maana nasema ni jambo la kujifunza ukubwani, kama ulivyojifunza kupanda treni za chini ya ardhi na kulipa bili ya gesi.

Na usidhani Waingereza walizaliwa na hii tabia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Wiki nzima walikuwa wamefungiwa viwandani kwenye moshi, na mlima wenyewe ulikuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege. Vijana watano walifungwa jela. Mwaka 1949 Bunge likapitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo lile, linaloitwa Peak District, likawa hifadhi ya kwanza ya Uingereza. Kwa hiyo ukiona mzungu anatembea na fimbo milimani, ujue kuna watu walikwenda jela kwa ajili ya matembezi hayo. Haki hiyo leo ni yako pia.

MWILI UNAPATA NINI HUKO NJE?

Vitamini D. Hii husaidia mifupa, meno na misuli. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Lakini Uingereza, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua ni dhaifu mno kwa kazi hiyo, kwa mtu wa rangi yoyote. Kuanzia Aprili mpaka Septemba linatosha kwa wengi, ila ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi, na mavazi ya kujisitiri yanapunguza eneo linalopata jua. Ndiyo sababu NHS inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku, yaani yuniti 400, majira ya vuli na baridi. Watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Kusini, wanaojifunika, na wanaoshinda ndani wanashauriwa kumeza mwaka mzima. Vidonge hivi vinauzwa madukani kwa bei nafuu bila cheti cha daktari. Mtu mzima asizidishe mikrogramu 100 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa nyingi aulize kwanza.

Mambo mawili hapa. Kwanza, kukaa dirishani hakuhesabiki. Kioo huzuia ile mionzi inayotengeneza vitamini D. Yule mama mzee uliyemleta kutoka nyumbani, unayemkalisha karibu na dirisha "apate jua", anapata joto tu. Pili, nisikudanganye: matembezi ya Januari hayatakupa vitamini D. Mwezi huo kazi hiyo ni ya kidonge. Matembezi ya Januari yana faida nyingine, kama hizi zifuatazo.

Usingizi na moyo. Mwili una saa yake ya ndani, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje unazidi mara nyingi ule wa taa za sebuleni. Ukiupata asubuhi, usiku usingizi unakuja kwa wakati wake. Wengi pia huinuka moyo. Lakini kama huzuni imekushika kwa wiki mbili mfululizo, hupendi tena vitu ulivyovipenda, au unawaza kujidhuru, usiishie kwenye matembezi. Nenda kwa GP, au kama uko Uingereza piga 111. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una tiba.

Sukari na presha. Watu wenye asili ya Afrika na Asia ya Kusini tunapata kisukari aina ya 2 zaidi kuliko wazungu, na mara nyingi tukiwa na umri mdogo kuliko wao. Huku tunakula sahani ile ile ya ugali na wali tuliyokula tulipokuwa tukitembea kwenda shambani, na sasa hatutembei. Kinachoshauriwa ni dakika 150 za mwendo wa kasi kwa wiki. Kipimo chake ni rahisi: unaweza kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika.

Watoto. Mtoto anayecheza nje kila siku ana nafasi ndogo zaidi ya kupata macho yasiyoona mbali. Mtoe, hata kama atarudi na matope.

MZEE WA JINJA

Sasa nikueleze jinsi nilivyojifunza mwenyewe. Asubuhi moja mwaka 2009 nilikuwa kituo cha basi naongea na simu. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye kofia ya sufi, akasimama akanisikiliza mpaka nilipokata. Akaniuliza kwa Kiswahili cha dukani, "Wewe toka wapi, dada?"

"Tanga, mzee."

"Mimi toka Jinja. Sabini na mbili."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi walifikia mji huu wa Leicester. Akaniuliza kama nimeshaiona Abbey Park. Kutoka kwangu ni mwendo wa dakika chache, na kwa miaka minne nilikuwa sijaingia. Nikamjibu, "Pale naona ni mahali pa wenyewe." Akacheka sana. "Wenyewe nani? Wewe nalipa kodi, wewe ndiyo mwenyewe!"

Baadaye, tulipozoeana, alinieleza kwamba yeye alikaa ndani miaka saba. Kazini, nyumbani, kazini, nyumbani. Sanduku aliliweka chini ya kitanda kwa sababu alijiambia atarudi Jinja karibuni. Siku moja mkewe akamwambia, mtu anayesubiri basi hapandi mti. Maneno hayo yalimuuma. Kesho yake akatoka kutembea, na hakuacha tena.

Ndugu msomaji, nililala na maneno hayo siku nyingi. Mimi pia nilikuwa nasubiri basi. Nilijiambia nitaishi nikirudi, huku ni kutafuta tu. Ndiyo maana sikujua hata mti uliokuwa mbele ya dirisha langu unaitwaje. Wengi wetu tunaishi ughaibuni kama abiria stendi, mizigo miguuni, na miaka inapita. Pesa tunatuma, nyumba tunajenga, lakini mwili uko hapa, na mwili hauwezi kusubiri miaka 20 ndiyo upate hewa.

Mzee alinipa kanuni mbili. Pita njia ile ile mpaka uizoee, na kila ukitoka, jua jina la kitu kimoja kipya. Pale Abbey Park unapita mto Soar, na hapo ndipo nilipomwona korongo wa kijivu amesimama majini kwa mguu mmoja, yule yule ninayemjua kwenye mikoko ya Tanga. Nilisimama nikamwangalia mpaka vidole vikafa ganzi. Nikajua ndege mdogo mwenye kifua chekundu anayeimba hata kwenye baridi kali. Nikajua mbayuwayu wanaofika Aprili wakitokea Afrika. Nilipoanza kuvijua vitu kwa majina, mji uliacha kuwa ukuta wa matofali, na mimi nikaanza kulala usiku.

ANZA HIVI

1. Wiki ya kwanza, dakika 10 tu, mara tatu, wakati kuna mwanga. Zunguka mtaa mmoja urudi. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Unganisha na jambo unalolifanya tayari. Ukishawapeleka watoto shule, rudi kwa njia ndefu. Ukitoka kazini mchana, shuka kituo kimoja kabla ya chako. Wa zamu za usiku, toka ukiamka, kabla giza halijaingia.

3. Piga simu nyumbani ukiwa unatembea. Kama utaongea na mama nusu saa, ongea ukiwa njiani. Mimi mama yangu ameshazoea kuniuliza, "Leo umefika mtoni?"

4. Si lazima utembee. Chukua chai ya tangawizi kwenye chupa na maandazi mawili, kaa kwenye benchi. Baraza ni baraza, hata ikiwa ya bustani ya halmashauri.

5. Tafuta mwenzako. Mwambie dada mmoja wa msikitini au kanisani mtoke pamoja Jumamosi. Kuna parkrun, iliyoanzia Bushy Park huko London mwaka 2004. Ni kilomita 5 kila Jumamosi, England saa 3 asubuhi kwa saa zetu. Hailipiwi chochote, na kutembea unaruhusiwa, hakuna atakayekucheka. Unaweza pia kumwomba GP akuunganishe na vikundi vya matembezi vya eneo lako.

6. Mara moja kwa mwezi nenda mbali kidogo na familia. Sisi wa Leicester tuna Bradgate Park yenye paa na miamba. Wa London mna Epping Forest, msitu uliolindwa kwa sheria tangu 1878 ili watu wote waufurahie. Wa Birmingham mna Sutton Park. Chukueni pilau yenu, mtandike mkeka.

7. Omba kishamba. Halmashauri nyingi hukodisha viwanja vidogo vya kulima, ingawa orodha ya kusubiri huwa ndefu, basi jiandikishe mapema. Sukuma wiki inastawi huku ajabu, na ikipigwa na baridi inakuwa tamu zaidi. Maboga nayo yanakubali, utakula na majani yake.

"LAKINI NESI..."

"Baridi." Vaa nguo nyembamba nyingi badala ya koti moja nene, kisha jaketi lisilopitisha maji. Kofia, glavu, soksi nzito. Maduka ya hisani yanauza makoti mazuri kwa pauni chache. Ukianza kutembea, baada ya dakika tano utapata joto.

"Mbwa." Naelewa, kwetu mbwa ni wa kulinda, na wengine wana suala la udhu. Usikimbie, kwa sababu mbwa atadhani ni mchezo. Simama, kunja mikono kifuani, usimkazie macho, na mwambie mwenyewe kwa upole amfunge kamba. Kuomba hivyo si kosa.

"Tutaonekana wageni." Ni kweli, vijijini watu wengine watakuangalia mara mbili. Mimi nimeshaulizwa kama nimepotea. Nilijibu, "Hapana, natembea tu," nikaendelea. England na Wales, ukiona kibao chenye mshale wa njano, hiyo ni njia ya miguu ya umma, hata kama inakatiza shamba la mtu. Fuata njia, funga mageti, usiwakaribie ng'ombe wenye ndama. Ukiona aibu peke yako, nendeni kikundi.

TAHADHARI

Barafu: siku ya kuteleza vaa buti zenye meno, tembea kwa hatua fupi, au ahirisha. Wazee wasitoke. Giza: vaa kitu chenye kung'aa magari yakuone. Chavua: mafua ya maua yanaweza kukuanza hata kama umeishi huku miaka 10. Muulize mfamasia akupe dawa. Kupe: huku wapo pia, kwenye majani marefu. Ukirudi jikague miguu na kwapa, na watoto wakague nyuma ya masikio. Mvute kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, taratibu, bila kumminya. Wiki chache zikipita ukaona duara jekundu linapanuka, au kwenye ngozi nyeusi alama inayopanuka ambayo inaweza kufanana na chubuko, au homa na uchovu kama wa mafua makali, nenda kwa GP mweleze kuhusu kupe. Inaweza kuwa ugonjwa wa Lyme, na unatibika kwa antibayotiki.

NA NINYI MLIOKO GHUBA?

Wasomaji wa Muscat, Dubai na Doha, msicheke mkadhani haya ni ya Uingereza. Upungufu wa vitamini D ni wa kawaida huko pia, kwa sababu watu wanatoka nyumba yenye kiyoyozi, gari lenye kiyoyozi, ofisi yenye kiyoyozi. Kwenu kalenda imegeuka: miezi ya baridi ndiyo ya kutoka. Wakati wa kiangazi tokeni baada ya alfajiri au baada ya magharibi, na maji mkononi. Mtu akiacha kutoa jasho, akachanganyikiwa au akazimia kwenye joto, mwondoe juani, mmwagie maji, mpepee, na ita gari la wagonjwa haraka. Hata akiwa bado anatoa jasho, kuchanganyikiwa kunatosha kuwa hatari. Anayefanya kazi ya nje ajue kuwa Oman, Juni hadi Agosti, sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa 6 na nusu mchana mpaka saa 9 na nusu.

KWA LEO NAISHIA HAPA

Mzee wa Jinja alifariki miaka michache iliyopita. Hakurudi kuishi Uganda, ingawa alikwenda kutembea mara moja, akaniletea kahawa. Mimi bado napita njia yake ile ile kando ya mto, na vidonge vyangu nameza. Bado natuma pesa Tanga, bado nina ndoto ya kurudi. Ila sanduku nimelitoa chini ya kitanda.

Kazi yako ya wiki hii ni moja tu. Kesho, kukiwa na mwanga, vaa viatu, weka simu mfukoni, toka dakika 10. Ukirudi, mwambie mtu mmoja nyumbani jambo moja uliloliona. Keshokutwa utatoka tena.